Kabati la zamani: kukwangua, kupiga msasa na kupaka upya nyumbani

Mlango wa kabati uliopakwa mwezi uliopita ukianza kumenyuka kama ganda la yai la kuchemsha, muuza rangi ndiye hulaumiwa kwanza. Mara nyingi hana kosa. Chini ya rangi ile kuna nta, mafuta ya mikono, vanishi ya zamani iliyo laini kama kioo, au vumbi la msasa ambalo hakuna aliyelifuta, na rangi mpya imeshika hayo badala ya kushika mbao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu siku mbili tatu za mwanzo, kabla kopo halijafunguliwa. Kupaka kwenyewe ni kazi ya saa chache.

Tuchukue kabati la nguo la milango miwili: kimo mita 1.8, upana mita 1.2, kina sentimita 55. Nje yake, ukiacha mgongo, ni karibu mita za mraba 4.8. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwa hiyo kopo la lita moja linatosha mikono miwili ya nje. Ukitaka na ndani, ongeza lita nyingine. Meza, kitanda au kiti hufuata njia hiyohiyo, ila kiti kina kona nyingi na kitakula muda kuliko unavyodhani.

Kwanza likague

Lilaze chini. Chukua bisibisi uchome miguu na fremu ya chini, upande uliokuwa ukigusa sakafu. Mbao nzima hukataa. Ikiingia kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshapita, na mguu huo ukatwe na kuwekwa mwingine, kwa sababu hakuna pati (kijazio cha nyufa na mashimo) itakayobeba uzito wa kabati. Matundu madogo ya milimita moja au mbili ni ya wadudu wanaobungua mbao. Gonga kwa kiganja: unga laini ukidondoka, bado wamo. Ingiza dawa ya mbao kwa sirinji, tundu kwa tundu, kisha lifunge kabati kwa nailoni na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo la dawa. Vaa glavu, na usifanyie chumbani.

Halafu kwangua kidogo mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya bawaba, uone mbao ni ya aina gani. Mninga, mvule, mkongo na msaji zinastahili vanishi. Kufunika mninga kwa rangi nyeupe ni kosa, hata kama picha za mitandaoni zinavutia; mbao hiyo sasa ni ghali na rangi yake ya asili haipatikani kwenye kopo. Msindano, plaiwudi na MDF (mbao ya nyuzi laini zilizogandamizwa) ndizo za kupakwa rangi. Kama ni mbao ya kugandamizwa ya unga wa randa na imeshafura kwa maji, usipoteze msasa wako, haitarudi kama ilivyokuwa.

Jihadhari na vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya plaiwudi. Mara nyingi haifiki milimita moja. Itazame kwenye ukingo wa mlango: ukiona mistari ya mbao inakoma ghafla na chini yake kuna tabaka nyingine, ni vinia. Hiyo haitaki msasa mkali wala mashine.

Na kama ulichorithi ni kasha la misumari ya shaba au kiti cha enzi kutoka Lamu au Unguja, funga makopo yako. Vitu hivyo thamani yake iko kwenye uzee wake. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nta, basi.

Jua kilichopakwa zamani

Hatua hii huchukua dakika tano na ndiyo inayorukwa na wengi. Nyuma ya mlango, weka pamba iliyolowa spiriti ya kawaida kwa dakika moja. Rangi au vanishi ikilainika na kunata, ni shelaki (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) au ni rangi ya maji. Isipobadilika, jaribu pembeni yake kwa pamba yenye tina ya laka, yaani kiyeyusho chake. Ikiyeyuka taratibu na kunata, ni laka, ile ambayo mafundi wengi hupuliza kwa kompresa. Ikikunjamana na kuinuka kama ngozi iliyoungua, ni rangi au vanishi ya mafuta. Isipotikisika kabisa, huenda ni vanishi ya makopo mawili, yenye kigumu chake.

Kwa nini ujue? Kwa sababu tina iliyomo kwenye laka hushambulia rangi ya mafuta iliyo chini. Ukipuliza laka juu ya rangi ya mafuta, kazi nzima itakunjamana ukiitazama. Kinyume chake kinawezekana: vanishi au rangi ya mafuta hukaa juu ya laka ya zamani, mradi laka yenyewe imeshika vizuri na umeipiga msasa mpaka mng'ao wote umekwisha.

Kagua pia kama mgongo na miguu ilipakwa oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Utaijua kwa weusi na harufu. Ukiwa na shaka, bandika karatasi ya chooni usiku kucha, asubuhi itakuwa na doa la mafuta. Hakuna rangi inayoshika hapo. Sugua kwa tapentaini, badilisha kitambaa kila kinapochafuka, rudia mara tatu au nne. Kama ni mgongo unaotazama ukuta, uache bila rangi, lakini hakikisha mikono na brashi zilizogusa hapo hazirudi upande wa mbele.

Rangi ya zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, lowesha, sugua, futa tope kwa kitambaa kisha kitupe. Kazi ifanyike nje, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Fungua, osha, tengeneza

Toa milango, droo, vishikio, kitasa na bawaba. Weka skrubu za kila bawaba kwenye mfuko wake na uandike ni ya mlango gani na ya juu au ya chini, maana bawaba za zamani zimeshazoea mahali pake. Kupaka kabati bila kufungua vyuma ni kuokoa nusu saa na kupata kingo chafu zitakazoonekana miaka yote.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, kijiko kimoja kwa lita tatu. Kitambaa kikamuliwe, usimwage maji. Suuza kwa maji safi mara mbili, acha likauke usiku mzima, kisha pitisha kitambaa chenye tapentaini kuondoa nta. Usiruke kuosha kwa kusema "msasa utaondoa uchafu". Msasa huyeyusha mafuta kwa joto la kusugua na kuyasukuma ndani ya mbao.

Kiungo kilicholegea kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe kwa patasi, kwa sababu gundi mpya ya mbao haishiki juu ya gundi kavu. Paka gundi pande zote mbili, kaza. Huna klampu? Kata mpira wa tyubu ya baiskeli uwe utepe mrefu, uuvute na kuuzungusha mara sita au saba. Unabana sawasawa na hauachi alama. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji ikiwa bado mbichi. Ikikauka juu ya mbao, vanishi haitapenya hapo na utapata doa jeupe lisilofutika. Acha saa 24.

Tundu la skrubu lililopanuka lijazwe njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, zikatwe sawa na uso, na skrubu irudi siku inayofuata.

Nyufa na mashimo yajazwe pati. Hapa mafundi wengi huchanganya unga wa mbao na gundi nyeupe, na kwa kabati litakalopakwa rangi hiyo inafaa kabisa. Kwa vanishi haifai: gundi hainywi vanishi wala rangi ya mbao, shimo hubaki kama kovu. Chukua unga laini wa msasa wa mbao hiyohiyo, uchanganye na laka hadi uwe kama ugali laini, jaza tundu lizidi uso kidogo kwa sababu pati hunywea ikikauka. Ujue pia kwamba itakuwa nyeusi kidogo kuliko mbao iliyo jirani.

Kukwangua

Si kila kabati linahitaji kukwanguliwa. Kama unapaka rangi, na ya zamani imeshika (kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa nguvu, kisibanduke kitu), piga msasa tu kuondoa mng'ao. Kama unataka mbao ionekane, ya zamani yote itoke.

Chombo bora na cha bei rahisi ni bapa la chuma la kukwangulia lililonolewa ukingo. Mafundi wengi hutumia kipande cha kioo kilichovunjwa, na kweli kinakwangua vizuri sana, ila vaa glavu nene, kishike kikiwa kimeinama kidogo kuelekea unakokwenda, na ukitupe kinapoanza kuchana badala ya kukwangua. Fuata nyuzi za mbao siku zote.

Dawa ya kubandulia rangi hupakwa nene, ikaachwa dakika 15 hadi 20, kisha ikakwanguliwa rangi ikiwa imefura. Ikikauka kabla hujakwangua, imepotea. Kwenye upepo funika kwa nailoni. Baadaye futa kwa tapentaini mpaka kitambaa kitoke safi, maana mabaki ya dawa hula rangi mpya. Magadi makali ya kaustiki, ambayo baadhi ya watu huyatumia kwa sababu ni rahisi kuyapata, yasiguse mninga wala mvule. Huzigeuza kuwa nyeusi, hulegeza gundi ya viungo, na huunguza ngozi na macho.

Msasa

Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini. Kwa kabati letu, ukifanya kwa mkono, karatasi tatu za namba 80, nne za 120, nne za 220 na mbili za 320 kwa ajili ya katikati ya mikono zitatosha. Kama hukukwangua hadi mbao, namba 80 huihitaji kabisa. Anza na 120.

Kunja msasa juu ya kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja. Vidole vitupu huchimba mifereji isiyoonekana mpaka vanishi ing'ae, na hapo utaiona yote. Sugua kufuata nyuzi. Mkwaruzo mmoja uliokwenda kinyume na nyuzi hufichika chini ya rangi, lakini chini ya vanishi huonekana kama chanjo.

Usitoke 80 ukaenda 220. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na 220 haina nguvu ya kufuta ya 80. Utasugua mpaka mkono uume na mikwaruzo ibaki. Kumulika taa ya simu kwa ubavu kutakuonyesha kama umemaliza. Kwa vinia anza na 180, kwa mkono, na uache mara moja ukiona rangi ya mbao imebadilika, maana umeshafika kwenye plaiwudi.

Kingo kali zivunjwe kidogo, mara mbili tatu kwa 220. Rangi huikimbia pembe kali inapokauka, na hapo ndipo hutoka kwanza.

Kama utatumia vanishi ya maji au rangi ya maji, baada ya 220 futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache saa mbili. Nyuzi zitasimama kama ndevu za siku moja. Pitisha 220 kwa wepesi. Usipofanya hivi, mkono wa kwanza utafanya hivyo kwa niaba yako na uso utakwaruza. Kwa mninga na mbao nyingine nyekundu, usitumie stilwaya ya kusugulia masufuria: vipande vyake hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, vikikutana na unyevu huacha madoa meusi.

Vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na kifua, basi barakoa ni lazima. Ukimaliza kusugua, ondoa vumbi kwa brashi, halafu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo.

Ukichagua vanishi

Kwa brashi nyumbani, chukua vanishi ya mafuta, iwe ya kawaida au ya poliyurethani. Laka hukauka upesi mno. Brashi ikirudi mahali ilipopita sekunde 20 nyuma huacha mitaro. Laka ni ya mwenye mashine ya kupulizia.

Koroga kwa kijiti, usitikise kopo, kwani viputo vitaishia mlangoni. Mkono wa kwanza ni vanishi sehemu nne kwa tapentaini sehemu moja, ili ipenye. Wa pili na wa tatu usizidi sehemu moja kwa kumi, au isichanganywe kabisa. Chovya theluthi moja ya nywele za brashi, igonge ndani ya kopo badala ya kuipangusa kwenye mdomo wake. Laza milango juu ya matofali manne, paka kufuata nyuzi, kisha pitisha ncha ya brashi kavu kutoka mwisho hadi mwisho mara moja, uiache. Anayerudi kurekebisha baada ya dakika tano ndiye anayeharibu.

Kati ya mkono na mkono ni saa 16 hadi 24, kisha msasa wa 320 mpaka uso uwe na ukungu mweupe sawasawa, futa, endelea. Vumbi la msasa likijiviringisha kama uchafu wa raba ya kufutia, vanishi haijakauka. Mikono mitatu inatosha kabati. Uso wa meza ya kulia unataka minne.

Mvule ina kitu chake cha asili kinachozuia vanishi ya mafuta kukauka, na msaji una mafuta. Futa kwa tina dakika chache kabla ya kupaka. Njia salama zaidi ni mkono mmoja mwembamba wa shelaki isiyo na nta, gramu 125 kwa lita moja ya spiriti, halafu vanishi. Shelaki yenye nta haifai hapo, poliyurethani huiteleza.

Ukichagua rangi

Praima ya mafuta (rangi ya chini ya kushikiza) mkono mmoja, msasa wa 220, kisha rangi mikono miwili. Kingo za MDF hunywa kama sponji, zipe praima mara mbili. Vifundo vya msindano hutoa utomvu unaopenya rangi na kuacha duara la manjano hata baada ya miezi, hivyo pitisha shelaki mara mbili juu ya kila kifundo kabla ya praima. Mninga ukilazimika kuupaka rangi nyeupe, usianze na rangi ya maji: wekundu wake huyeyuka katika maji na kupanda juu, na ukiongeza mikono ya rangi hiyohiyo doa linapanda nayo. Shelaki ndiyo inayolizuia.

Sehemu bapa zifanye kwa rola ya sponji ya sentimita 10, kona kwa brashi ya sentimita 4. Anza na kona.

Mambo yakiharibika

Vijishimo vya duara kama macho ya samaki, rangi inakataa kukaa: kabati limewahi kupuliziwa dawa ya kung'arishia samani yenye silikoni. Usiongeze rangi. Ifute yote ikiwa mbichi kwa tapentaini, osha upya, piga msasa, paka shelaki, anza tena.

Ukungu mweupe ndani ya laka ni maji ya hewani. Tina inaporuka huupoza uso wa mbao, na unyevu hutua hapo kama umande. Pwani wakati wa masika ni balaa la kila wiki. Pulizia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri siku isiyo na mvua. Lililokwisha pata ukungu mara nyingi husafika kwa kupulizwa tina ya kuchelewesha (inayoruka polepole), nyembamba, siku kavu.

Viputo vingi hutokana na kupaka juani. Mbao ikipata joto, hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoka kupitia vanishi mbichi. Paka kivulini, na hata kukaushia iwe kivulini.

Makunyanzi ni unene uliopita kiasi au mkono wa pili uliowahi. Machozi yaliyotiririka yaache yakauke kabisa, siku mbili au zaidi, kisha yakate kwa wembe na kupiga msasa. Kuyasugua yakiwa na ngozi juu na maji ndani ni kutengeneza kidonda.

Na kama bado inanata siku ya nne, fikiria baridi (Nairobi au Mbeya mwezi Julai, zidisha muda ulioandikwa kwenye kopo mara mbili), kopo lililokaa miaka, au mafuta ya mbao. Lipeleke penye hewa. Likishindwa ndani ya wiki, hakuna dawa ila kukwangua.

Kurudisha

Vitambaa vilivyofuta vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visirundikwe wala kutiwa ndooni: vinapokauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae. Tina na jiko la mkaa visiwe kwenye ua mmoja.

Funga bawaba baada ya siku mbili, lakini usipange nguo wala kuweka kitu kizito juu kabla ya siku saba, kwani vanishi iliyokauka kwa kidole bado ni laini ndani na itashika alama ya chochote. Mbavu za droo na reli zake zisipakwe kabisa. Mikono mitatu ya rangi kila upande inatosha kuifanya droo iliyokuwa ikiteleza ikwame, na kwenye joto la mchana ishikane na fremu. Zisugue kwa mshumaa mkavu, pande zote mbili, ndipo uirudishe.